Vazi la majani makavu: shajara ya kushona gili ya kuwindia bata mzinga

Jumamosi, 1 Februari

Kibali kimefika. Kipindi cha tatu, kuanzia tarehe 30 Aprili, siku saba, dume mmoja. Nina siku 88 za kushona vazi ambalo nimeliwaza tangu Mei iliyopita. Shajara naianza leo ili kila kitakachofaa na kitakachoharibika kiandikwe kikiwa bado cha moto.

Mwaka jana niliingia msituni na koti la dukani lililochapwa picha za majani. Picha nzuri, jani la mwaloni unaliona hadi mishipa. Dume akaja akilia, akafika kama mita 60, akasimama. Nilikuwa nimeketi chini ya mti, sijatikisika hata kidole. Akanitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akanitazama kwa la pili, kisha akajiondokea kwa hatua ndefu bila kukimbia. Baadaye nilitundika lile koti pale pale nilipokaa, nikarudi nyuma, nikalipiga picha. Ukishafika mita 20 michoro yote inayeyuka, linabaki doa moja la kahawia lenye mabega mawili na kichwa juu yake. Umbo la mtu, basi. Kitambaa ni bapa, msitu una kina na vivuli, na kivuli hakichapwi kwa wino.

Bata mzinga wa porini pua yake haimsaidii sana. Anaishi kwa macho. Yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo bila kugeuka anaona karibu pande zote. Rangi anazitofautisha vizuri kuliko sisi, na anaona hata sehemu ya mwanga wa urujuani-nje ambao kwetu ni giza. Ndiyo maana nimeamua kushona gili, lile vazi la nyuzi na matambara yanayoning'inia. Lilianza kwa watumishi wa mawindo wa Uskoti, na neno lenyewe ni la Kigaeli, kijana au mtumishi. Kikosi cha Lovat Scouts, kilichoundwa mwaka 1900 kwa ajili ya Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, kilijaa watu wa kazi hiyo, na kupitia kwao vazi likaingia jeshini. Mimi nalirudisha lilikotoka, kwenye mawindo.

Nitawinda kwenye shamba la mzee mmoja katika Kaunti ya Vernon, kusini-magharibi mwa Wisconsin, karibu na bonde la mto Kickapoo. Kutoka Madison ninakoishi ni mwendo wa saa mbili hivi. Ni nchi ya vilima vikali na mabonde membamba, kwa sababu barafu ya zama za kale iliyosawazisha sehemu kubwa ya jimbo haikupita hapa. Bata mzinga alikwisha kabisa Wisconsin, wa mwisho alionekana mwaka 1881. Mwaka 1976 wakaletwa wengine kutoka Missouri, na Wisconsin ikalipa kwa kware wake wa misituni. Waliachiliwa katika kaunti hii hii. Mwaka 1983 mawindo yakafunguliwa tena. Kila nikisikia dume analia alfajiri nakumbuka kwamba sauti hiyo ilinyamaza hapa karibu miaka mia, na kwamba kuna watu walioamua irudi. Kwa ndege wa namna hiyo siendi na koti la kubahatisha.

Jumamosi, 8 Februari

Magunia tisa ya juti kutoka kwa mkaanga kahawa wa mtaani, dola moja moja. Yote ya kahawa ya Brazili na Kolombia. Mawili yana maandishi ya wino mwekundu, hayo nimeyaweka kando: nyekundu, nyeupe na buluu ndizo rangi za kichwa cha dume wakati wa kupandana, na hakuna mwindaji mwenye akili anayetaka mwenzake azione kichakani.

Nimeyafua mara mbili, nikayakata vipande vya sentimita 3 kwa 45, kisha nikaanza kufumua. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kipande kizima ni utepe, na utepe una kingo zilizonyooka, na kingo zilizonyooka hazipatikani msituni. Unachomoa nyuzi za mapana moja moja kutoka kila ncha hadi katikati zibaki sentimita 6 zilizofumwa. Ncha zinakuwa kama ndevu. Vumbi lake si mchezo, kifua kimenibana hadi usiku, na kuanzia kesho nafumulia gereji nikiwa na barakoa. Nimemaliza vipande 130. Nahitaji kama 900.

Jumamosi, 15 Februari

Leo nilikwenda kumsalimia mzee mwenye shamba na kumsaidia kuondoa theluji mbele ya zizi. Kwenye kona ya ghala, juu ya rafu, nikaona matufe mawili ya kamba ya kufungia majani makavu ya ng'ombe. Nikashika ncha, nikaisokota kwa vidole. Katani.

Mimi ni mtoto wa Muheza. Marehemu baba alikuwa korona, pale majani ya mkonge yanaposagwa singa zikabaki, na mama alianza kwenye kuanika kabla hajahamia brashi, ambako singa kavu husafishwa. Shuleni tulifundishwa kwamba mkonge wote wa Tanga unatokana na miche 62 iliyopona safarini mwaka 1893, aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf, asili yake Yucatan kule Meksiko. Wakati wa utoto wa mama, mwanzoni mwa miaka ya 1960, hakuna nchi iliyozalisha katani kuishinda Tanganyika, na katani nyingi duniani iliishia kwenye kamba ya namna hii hasa, ya kufungia mazao kwenye mashamba ya Ulaya na Amerika. Yale marobota tuliyoyaona yakipakiwa kwenda bandarini ndiko yalikokwenda. Nilisimama pale ghalani na kamba mkononi kwa muda, mzee akaniuliza kama niko sawa. Akanipa tufe moja.

Usiku nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umevaa nini hicho shingoni, singa?"

"Ndiyo mama. Kamba ya kufungia majani ya ng'ombe. Nashonea nguo ya kuwindia."

"Hebu sogeza kwenye taa." Akaitazama. "Ya wapi?"

"Lebo inasema Brazili."

"Haikupigwa brashi sawasawa hiyo. Ona ilivyo na vumbi la nyama ya jani. Kabla hujaitia chochote ichane kwanza, uivute ikiwa mbichi."

Sikujua kwamba singa ikiloana inachanwa bila kukatika. Nimejaribu na brashi ya waya ya kuchania mbwa, nyuzi zinalala kama nywele. Asante, mama.

Jumapili, 23 Februari

Siku mbili za rangi, na siku ya kwanza imepotea.

Juti inakunywa rangi kama ardhi kavu. Nilitumia rangi ya pakiti ya kuchovya vitambaa, maji ya moto, chumvi, sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni. Kahawia ya udongo ikatoka vizuri, kijivu kikatoka na ubuluu kidogo. Katani ikakataa. Niliichovya saa nzima, nikaitoa ina madoadoa kama ugonjwa wa ngozi. Kosa langu: kamba hizi hupakwa mafuta kiwandani zisioze wala kuliwa na panya, na rangi haipiti kwenye mafuta. Harufu ilikuwa inaniambia tangu ghalani, sikuisikiliza. Leo nimezichemsha dakika 40 kwa sabuni na magadi ya kufulia, maji yakawa na utando wa njano juu, nikamwaga, nikarudia. Mara ya tatu maji yalitoka safi na rangi ikashika.

Kahawia nzuri kuliko zote haikutoka kwenye pakiti. Oktoba iliyopita niliweka maganda ya jozi nyeusi kwenye friza, ndoo nusu. Nimeyachemsha, nikaacha yakapoa, nikachovya. Yanatoa rangi ya jani la mwaloni lililolala chini majira yote ya baridi, kahawia yenye vumbi, isiyong'aa. Vaeni glavu. Viganja vyangu vitakuwa hivi hadi Machi.

Nikatia na kijani, kingi. Theluthi moja ya juti yote. Nilikuwa na furaha, na nilipofunga macho kuwaza msitu niliona msitu wa Amani, kwetu Muheza.

Jumamosi, 1 Machi

Ovaroli ya pamba, kahawia mtupu, size moja zaidi ya yangu ili nguo za baridi ziingie ndani. Nimechagua isiyo na mabaka makusudi. Nyumbani Tanzania raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi, Kenya vilevile, nami sitaki kumiliki kitu nisichoweza kusafiri nacho. Isitoshe, nyuzi zikishafungwa hakuna atakayeiona ovaroli.

Nimetafakari sana wapi pa kuweka nyuzi. Maelekezo mengi ya gili yanajaza mgongo na kuacha kifua kitupu, kwa sababu yanamfikiria mtu anayetambaa kwa tumbo. Mwindaji wa bata mzinga hatambai. Anaketi ameegemea mti ulio mpana kuliko mabega yake na mrefu kuliko kichwa chake, ili hata mwindaji mwingine akikosea nyuma yake mti umkinge. Kwa hiyo ndege anaona mbele yangu tu: magoti, mapaja, kifua, mikono, kofia. Nyuzi zote ziende huko. Mgongoni na makalioni nashona turubai, kwa sababu nitakaa saa nne kwenye ardhi iliyoloa.

Jumapili, 16 Machi

Wiki mbili za vifundo. Wavu wa nailoni wenye matundu ya sentimita 4, nimeukata vipande sita kufuata ovaroli, nikaushonea kwa uzi wa meno na kuziba kila mshono kwa tone la gundi ya viatu. Uzi wa meno haukatiki, na una nta unayoisikia ikiteleza kwenye kitambaa.

Fundo ni moja tu. Kunja kipande katikati, pitisha kitanzi tunduni, ingiza ncha zote mbili ndani ya kitanzi, vuta. Mwanzoni nilifunga kila tundu, rangi zikipokezana vizuri, kahawia, kijivu, kijani, kahawia, kijivu, kijani. Nilipotundika mguu wa kwanza ukutani nikaona zulia. Nimefungua vifundo 70. Sasa nafunga kwa mafungu: rangi moja inashika eneo la ukubwa wa kiganja, inayofuata inaingia ndani yake, hapa matundu matatu wazi ovaroli ionekane kama kivuli, pale singa za katani peke yake zinazosimama kama nyasi kavu. Juti inalala, katani inasimama. Vikichanganywa vinapata kina ambacho kimoja peke yake hakina.

Mke wangu hukaa nami jioni anafumua, mimi nafunga. Nikiwa katika mwendo nafikisha vifundo 90 kwa saa. Leo kifua na mapaja vimekamilika.

Jumatano, 19 Machi

Fupi. Nilinunua tochi ya urujuani-nje, nikaingia bafuni na vazi, nikazima taa. Juti, giza. Katani, giza. Ovaroli, inawaka buluu kama taa ya duka la simu. Niliifua kwa sabuni ya kawaida ya nyumbani, na sabuni nyingi zina kemikali za kung'arisha weupe zinazobaki kwenye kitambaa. Na uzi mweupe niliotumia kushonea zipu, mstari mmoja mkali kutoka kooni hadi kiunoni. Kwa ndege mwenye macho yale ningekuwa nimevaa alama ya barabarani. Nimelisuuza vazi lote mara nne kwa maji ya moto, mwanga umepungua sana ingawa haujaisha, na uzi nimeuchovya kwenye maji ya jozi kwa brashi ndogo, pindo kwa pindo.

Jumamosi, 22 Machi

Hili naomba lisirukwe na yeyote anayefikiria kushona lake.

Nilichukua kipande kimoja cha juti iliyofumuliwa, nikakishika kwa koleo juu ya sinki, nikawasha njiti. Sekunde mbili. Mwali ulipanda urefu wote wa sentimita 45 kabla sijaondoa njiti, na majivu yakadondoka bado yanawaka. Nyuzi nyembamba, hewa katikati yake kila upande, huo ni utambi. Sasa fikiria vipande 900 mwilini, karibu na jiko dogo la gesi la kuchemshia chai.

Nimechanganya boraksi na asidi ya boriki, kwa uzito saba kwa tatu, kama gramu 360 zote pamoja kwa lita 4 za maji ya moto. Nikaloweka vipande, nikaviacha vikauke bila kuvisuuza. Mtihani wa pili: ncha ikawa nyeusi, ikafuka moshi, nilipoondoa njiti ikazima yenyewe. Nikarudia na vipande vitano, vyote hivyo hivyo. Nikachukua cha sita, nikakiweka chini ya bomba dakika tano, nikakikausha. Kikawaka. Yaani dawa hii inaondoka na mvua, na kila baada ya kuloana vazi lazima lirudi kwenye beseni. Nimeloweka lote. Hata hivyo kuanzia leo sheria ni moja: gili ikiwa mwilini, hakuna moto, hakuna jiko, hakuna sigara ya mtu mwingine karibu.

Jumamosi, 5 Aprili

Jaribio la kwanza shambani. Niliketi chini ya mwaloni ukingoni mwa konde la mahindi ya mwaka jana, mke wangu akasimama mita 10, 25 na 50 akinipiga picha kwa simu.

Kwa mita 10 alicheka kwa furaha, hakuona uso. Kwa mita 25 nilionekana waziwazi, na kwa mita 50 zaidi. Kijani! Msitu mzima wa mapema Aprili hapa hauna jani bichi hata moja. Theluji bado imelala kwenye mitaro, chini kumejaa majani makavu ya mwaloni na hikori, magome ya kijivu, matete ya njano iliyofifia. Katikati ya hayo yote kuna kichaka kimoja cha Juni. Nilipaka vazi rangi ya msitu wa nyumbani badala ya msitu nitakaokaa.

Jambo la pili nimeligundua nilipogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Ukiondoa rangi unabaki na mwanga na giza tu, na vazi langu ni jeusi mno. Miti ya mwaloni ina gome la kijivu hafifu, majani makavu yanarudisha mwanga, mimi nimekaa pale kama shimo. Mvua ndogo ikaanza, na juti ikiloana inazidi kuwa nyeusi. Nyumbani nikapima: vazi kavu kilo 3.4, vazi lililonyeshewa kilo 7.

Mke wangu alisema neno lililonisaidia kuliko yote. "Sikuoni wewe, naona mikono yako." Kila nilipogusa kofia, vidole viliruka kama ndege.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeng'oa kijani chote, vipande 280, nikabakiza 40 nitakavyovifunga nikiona msitu umechipua. Mahali pake nimeweka juti isiyochovywa kabisa, rangi yake ya asili ya mchanga, na katani iliyochovywa mara moja tu kwenye maji ya jozi yaliyochoka. Sasa nusu ya vazi ni rangi ya jani kavu la mwaloni, kama theluthi ni kijivu na mchanga, na kilichobaki ni kahawia nzito ya kutengeneza vivuli. Vazi limepungua gramu 400 pia, kwa sababu nimeacha matundu mengi zaidi.

Uso. Kuna dhana kwamba ngozi nyeusi kama yangu haihitaji kufunikwa. Inahitaji. Tatizo ni mng'ao wa jasho na mafuta, na jua la asubuhi likipiga paji la uso linarudi kama kwenye kioo. Nimeshona kitambaa chepesi cha wavu kinachoanzia ukingo wa kofia hadi kifuani, chenye uwazi wa macho tu, na nyuzi fupi juu yake za sentimita 8 zisiingie machoni. Glavu nazo zina nyuzi mgongoni mwa kiganja, vidole vitupu vya kahawia.

Kisha nikachukua bunduki ya marisau, nikahakikisha haina kitu, nikahakikisha tena, nikajaribu kuipandisha begani nimekaa. Kitako kikanasa kwenye juti ya kifua. Nikajaribu mara kumi, mara saba kikanasa. Nimeng'oa kila uzi kutoka begani kulia hadi chini ya titi, nikashona ngozi laini bapa. Vilevile mkono wa kushoto, pale mtutu unapolala, na hakuna uzi wowote unaoweza kufika kwenye kifyatulio. Hapo sura ya vazi imeharibika kidogo na sijali hata kidogo.

Jumamosi, 26 Aprili

Permetrini, kwa sababu ya kupe. Wisconsin ina ugonjwa wa Lyme, na vazi la nyuzi zinazoburuzika kwenye majani ni gari la kupe. Nimelipulizia nje, likakauka siku nzima juu ya kamba, mbali na paka wa jirani, maana dawa hii ikiwa mbichi ni sumu kwa paka.

Fulana ya rangi ya chungwa inayowaka naivaa wakati wa kuingia na kutoka msituni, na nikiketi naifunga kwenye shina juu ya kichwa changu, upande wa nyuma. Mtu aliyejificha vizuri amejificha kwa wawindaji wengine pia. Na kwa wanaoniuliza kuhusu kulungu: msimu wa bunduki wa Novemba vazi hili halina nafasi, sheria ya hapa inataka angalau nusu ya nguo za nje kuanzia kiunoni kwenda juu ziwe chungwa au waridi inayowaka. Kulungu mwenyewe chungwa hiyo haimsumbui, macho yake hayaitofautishi na kijani.

Jumatano, 30 Aprili

Nimefika saa kumi alfajiri, nyuzijoto 4. Maua madogo meupe yamechipua chini ya miti, na vichaka vya chini vina majani ya ukubwa wa ukucha. Nikafunga vipande 12 tu vya kijani magotini, nikachomeka na nyasi kavu za hapo hapo kwenye kofia.

Madume wawili walilia kutoka kwenye matawi walikolala, ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyekuja. Lakini saa mbili na robo asubuhi jike alipanda kutoka kwenye mtaro, peke yake, akila. Mita 20. Mita 10. Niliacha kupepesa macho. Alifika kwenye buti yangu ya kushoto, akainamisha shingo, akashika ncha ya singa moja iliyosimama gotini, akaivuta. Niliona kope yake ikipanda kutoka chini, niliona manyoya membamba kama vinyweleo kwenye ngozi ya kichwa, niliona shaba na kijani vikicheza mgongoni alipopumua. Akaiachia ile singa, akatema kidogo, akapita upande wangu wa kulia. Nilimsikia akichakura nyuma ya mti kwa dakika kadhaa.

Moyo ulikuwa unadunda hadi nikaogopa nyuzi za kifuani zinatikisika. Miezi mitatu ya vumbi la juti imelipwa asubuhi hii, hata kama sitafyatua risasi mwaka huu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepata. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, mita 27 kwa hatua. Alikuja kimya, ametanua mkia, akazunguka upande ambao sikumtarajia. Nilipandisha bunduki alipopita nyuma ya mwaloni wa katikati, kitako kikakaa begani bila kunasa, nikasubiri atoke. Risasi moja, hakuhangaika. Nikaketi karibu naye kwanza, nikamlaza mabawa vizuri, kabla ya kumsajili. Sheria inataka asajiliwe kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho yake, nimefanya kwa simu pale pale kilimani.

Hali ya vazi: goti la kulia limepoteza vipande 14 kwenye miiba, mshono wa kwapa la kushoto umeachia sentimita 5, turubai ya makalio imeshinda mtihani. Katani imestahimili kuliko juti. Mwakani magoti yawe katani tupu, iliyochanwa ikiwa mbichi kama mama alivyosema. Kupe wawili kwenye buti, hakuna kwenye nyuzi. Kesho linarudi kwenye beseni la boraksi kwa sababu ya umande.

Nilimpelekea mzee paja na nusu ya kidari. Akauliza kama vazi la namna hiyo linaweza kushonwa kwa saizi ya mtoto wa miaka 12, mjukuu wake anaanza mafunzo ya uwindaji wakati wa kiangazi. Nikamwambia linaweza, ila nyuzi ziwe fupi na bega lote liwe wazi. Akaingia ghalani, akatoka na lile tufe la pili, akaliweka kwenye kiti cha mbele cha gari langu na kulifunga mkanda.